Aliyemshika Kwanza

Niwaambie mapema, mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Kazi yangu ni ususi, nashinda na vichwa vya watu toka asubuhi, na mtu akikuachia kichwa chake anakuachia na habari zake zote. Nimesimuliwa majini, nimesimuliwa wachawi, nimesimuliwa nyumba zisizokalika, na jibu langu lilikuwa lilelile siku zote: geuka, dada, nimalizie upande wa pili. Haya ya leo sikuyapata kwa mteja. Yamempata wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndani ya nyumba tunayoishi wote, na mimi nilikuwepo nimekaa naangalia.

Tuanze na alasiri moja ya kawaida tu. Jua linaingia sebuleni, redio ya jirani inaongea peke yake, kaka ndiyo kwanza amerudi kutoka karakana kwake anakotengeneza mafriji, amevua shati la kazi, ananawa. Mimi niko jikoni nachemsha chupa za mtoto. Wifi yuko kwenye kochi, mtoto mapajani. Mtoto mwenyewe tulimbandika jina la Bosi, maana toka aingie humu ndani sisi wote tumegeuka wafanyakazi wake. Analala akitaka, anaamka akitaka, na asante hana. Kaka, mtu mzima na ndevu zake, akisikia Bosi amekohoa anakuja mbio na kiatu kimoja.

Ungetuchungulia dirishani ungesema watu hawa wana raha zao. Ungekuwa umekosea sana. Wifi alikuwa anamshika yule mtoto kama vile mtu ameachiwa mzigo na abiria mwenzake kituoni. Anaushika kwa uangalifu, haudondoshi, lakini kila mara anatupa jicho mlangoni kuona kama mwenyewe anarudi.

Yote yalianzia kwenye kujifungua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, tena njia nzima ananitania kwamba mtoto akichukua mdomo wangu atamrudisha tumboni. Kufika kule mambo yakageuka. Ikaja damu, ikawa haikatiki. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, wakamlaza kwa dawa. Mtoto akatoka hapumui. Wakamhangaikia muda mrefu, mimi na kaka tumesimama nje ya mlango uliofungwa, kaka ananishika mkono hadi vidole vinakufa ganzi. Mwishowe mtoto akapumua. Wifi alikuja kuzinduka siku kadhaa baadaye, kizazi kimeshatolewa, na mtu anamwinamia na mtoto anamwambia huyu hapa wako.

"Wifi," aliniambia siku moja tukichambua mchele, "mimi nililala na tumbo langu, nikaamka na mtoto wa watu."

Nikamwambia kwa pua ile hana pa kukimbilia, ni damu ya kaka yangu kabisa. Nilitaka acheke. Aliendelea kuchambua mchele, machozi yanamdondokea kwenye ungo, na mimi roho iliniuma mpaka nikakosa la kusema. Na kunyamaza, wanaonijua wanajua, si fani yangu.

Basi tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa hicho kimoja: wifi amwangalie mwanawe ajue ni wake. Mwingine hatapata. Ilikuwa ni huyo au hakuna.

Kliniki wakatupa mshauri, binti mpole, mwenye miwani na subira ya kupindukia. Akatuambia kila siku tukae pamoja, mahali pamoja, tuisimulie ile siku. Kila mtu aseme alichokiona mwenyewe. Kulia ruksa. "Na pale msipojua," akasema, "semeni hatujui. Paacheni wazi hivyohivyo. Msiharakishe kupaziba."

Sasa nenda kamwambie fundi friji aache kitu wazi. Kaka yangu hajawahi kumrudishia mteja friji yenye pengo. Kifaa kikikosekana dukani, anaingia kwenye yale mafriji mabovu nyuma ya karakana, anachomoa hiki huku, kile kule, anapiga tupa mpaka kinakaa. Na friji inagandisha, siwezi kumsingizia. Watu wanatoka mbali kumfuata kwa ajili hiyo.

Siku za mwanzo za kusimulia zilikwenda vizuri. Wifi alikuwa anaanza na safari ya hospitali, anaingia kwenye maumivu, anafika kwenye taa za chumba cha upasuaji na ile barakoa ya dawa. Halafu anakwama. Kila siku palepale. Anatuuliza, "Halafu? Mwanangu alipotoka, alishikwa na nani? Nani alikuwa naye?" Kaka anainamisha kichwa. Mimi naangalia dirishani. Wifi anamtazama mtoto, anampa mtu mwingine amshike, anakwenda kulala mchana mchana.

Siku moja alipouliza, kaka hakuinamisha kichwa.

"Kulikuwa na mama mmoja," akasema.

Wifi akamgeukia.

"Mlango ulifunguka kidogo, nikamwona. Mama mnene, ana mikono mipana. Alikaa upande wa kichwa chako muda wote, amekushika. Ananukia sabuni ya mche, nilisikia hadi kule nje. Mtoto alipotoka, yeye ndiye aliyemshika kwanza. Akampulizia pumzi. Akamwambia kwa sauti ya chini, karibu, usiogope, mama yako anapumzika."

Nilikuwa nimesimama naye pale nje, na mlango haukufunguka hata upenyo wa kupitisha kisu. Halafu zile spea nilizijua zote zimechomolewa wapi. Mikono ilikuwa ya mama yetu mzazi, Mungu amrehemu. Sabuni ilikuwa ya shangazi yetu. Ile sauti ya chini ilikuwa ya mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Nikamfuata jikoni, nikamminya kwenye kona.

"Ile nini sasa?"

"Pengo, dada. Nimeliziba."

"Binti alisema paachwe wazi."

"Binti halali kitanda kimoja na mtu anayelia usingizini," akanijibu polepole, macho mekundu. Nikamwachia njia akapita.

Na ule uongo ukafanya kazi. Wifi alianza kulala. Alianza kula bila kubembelezwa. Ile sehemu iliyokuwa inamkwamisha akawa anaisimulia mwenyewe, tena kwa raha, mama yule kafanya hivi, mama yule kafanya vile. Akambusu Bosi shingoni siku moja, mbele yetu, kwa haraka, kana kwamba anaiba. Mimi na kaka tulitazamana tukajikausha. Nilifurahi, niseme tu ukweli. Nikasema moyoni, kama uongo ndio dawa, basi tumeze.

Kisha wifi akaanza kuongeza.

Kwanza akasema mama yule alikuwa anavuma wimbo bila maneno, mdomo umefungwa. Siku nyingine akasema alikuwa na soksi miguuni, hana viatu, na soksi zimelowa. Alisema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu cha kawaida. Kaka alinisubiri jikoni.

"Habari za soksi umempa wewe?"

"Mimi nitoe wapi soksi? Si mama ni wako, umemuunda mwenyewe."

"Soksi sikuziweka," akasema.

Tulisimama pale, chai inafurika kwenye jiko hakuna wa kuizima.

Baada ya hapo harufu ikaingia. Nyumbani kwetu tunafua kwa sabuni ya unga, mche haujaingia toka shangazi afariki. Sasa unaweza kuwa umekaa sebuleni, mchana kweupe, madirisha wazi, na harufu ya mche inapita mbele ya uso wako kutoka kwenye kochi kwenda dirishani. Inasimama. Inarudi. Na Bosi, ambaye alikuwa hajui kukaza macho kwenye kitu, anaigeuzia shingo. Inakwenda, anaifuata. Inarudi, anaifuata. Ikifika kwenye kochi anacheka.

Kwa mama yake akaanza kukataa. Wifi akimchukua, anakakamaa mwili mzima na kujivuta upande ule wa kochi, upande usio na mtu. Akiachwa peke yake kitandani ananyamaza. Nilijipa moyo kwamba watoto ndivyo walivyo. Nimelea wadogo zangu wote, najua watoto walivyo. Hawako vile.

Alasiri moja tumekaa, wifi amefika kwenye sehemu ya yule mama, akashusha sauti.

"Nimekumbuka kitu," akasema. "Kichwa changu kilikuwa kifuani kwake. Nilimsikiliza. Hakuwa anapumua."

Kaka akaweka kikombe chini.

"Alikuwa na moja tu. Pumzi moja, ameibana. Mtoto alipotoka akamwinamia akampa yote." Akamtazama Bosi. "Hajavuta nyingine mpaka leo."

"Mpaka leo?" nikauliza. "Wifi, mpaka leo kivipi?"

Wifi akavuta miguu yake nyuma kidogo, kama unavyovuta mtu akitaka kupita mbele yako. Harufu ya mche ikapita.

Siku hiyo nilimfokea kaka yangu kama mtoto mdogo, ingawa kwa kunong'ona. Nikamwambia umelileta, utalitoa. Tukamfuata binti wa kliniki, tukamweleza nusu nusu, maana nusu nyingine inasemeka vipi mbele ya mtu na miwani yake. Akakasirika kwa upole. Akasema mwambieni mama wa watu ukweli, palepale mlipomdanganyia. Ataumia, lakini atapata pa kuanzia. Mpaka leo nasema binti yule alisema sawa. Hakuna kosa lake humu.

Kesho yake tulikaa mapema, mapazia yote wazi. Wifi amempakata Bosi, Bosi amekakamaa kama kawaida yake, shingo kaielekeza pembeni. Kaka akapiga magoti mbele ya mkewe.

"Mama Bosi, hakukuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Yule mama. Mimi nilikuwa nje. Mlango haukufunguka. Sikuona kitu. Nilikuona unateseka, nikatunga."

Wifi alimtazama muda mrefu. "Kwa hiyo nilikuwa peke yangu."

"Ulikuwa na madaktari."

"Na yeye, alipotoka? Nani alimshika?"

Kaka akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta, mkono unapapasa kwenye mafriji mabovu ya kichwa chake. Kisha akaacha.

"Sijui, mke wangu. Hilo sijui."

Wifi akalia. Lakini kilio hicho hakikuwa kile tulichokizoea. Aliinama, akamkumbatia yule mtoto mzima mzima, akazika uso shingoni kwake. "Wangu," akasema. "Maskini mwanangu. Kumbe tulikuwa peke yetu wote wawili." Akawa anarudia hivyo, wangu, wangu, anamsugua mgongo, anambusu masikio. Na Bosi akalegea. Kule kukakamaa kote kukamtoka, akatulia kifuani kwa mama yake kama mtoto yeyote wa mtu yeyote. Hewa ya sebuleni ikawa nyepesi, harufu haipo. Nililia nikasema Mungu mkubwa, tumefika.

Mkono wa Bosi ukaanguka.

Ulining'inia tu. Nikautazama.

"Kaka," nikasema. "Mtoto."

Akamchukua. Kichwa kikaanguka nyuma. Midomo imebadilika rangi. Kaka akamlaza sakafuni akampulizia, akambonyeza kifua kwa vidole kama walivyotufundisha hospitali wakati wa kuruhusiwa. Akapulizia tena. Hakuna. Nilitoka mbio nikamwambia jirani alete gari, nikarudi. Bado hakuna.

"Alikuwepo," kaka akasema. Alikuwa anaongea na ukuta. "Nimesema uongo sasa hivi. Mama yule alikuwepo, nilimwona mimi, alimpulizia."

Hakuna. Nani atamwamini sasa. Maneno yake yalikuwa yamekwisha nguvu.

Wifi akasimama. Uso mkavu kabisa. Alielewa kabla yetu, nililiona hilo, na sitalisahau nikiwa hai. Akageukia upande ule wa kochi. Akaongea taratibu, kwa heshima, kama unavyomsemesha mkubwa wako.

"Mama, ulikuwepo," akasema. "Hawa hawakuwepo, mimi nilikuwepo. Nilikuona."

Bosi sakafuni, amebadilika rangi.

"Wewe ndiye uliyemshika kwanza."

Hakuna.

Wifi akafumba macho. Mikono yake ilikuwa bado imekaa vile ilivyokuwa imempakata, imebeba hewa. Akaishusha.

"Ni wako," akanong'ona. "Mimi sina mtoto."

Bosi akavuta pumzi. Ndefu, yenye mkwaruzo, kisha nyingine. Na harufu ya mche ikajaa nyumba nzima mpaka macho yakaniwasha.

Hospitali walimpima wakasema mzima. Toka siku hiyo tunasimulia kila alasiri, wala si kwa ajili ya kupona. Kuna siku kaka alichelewa kazini, hatukukaa. Jua lilipoanza kupungua, pumzi ya Bosi ikaanza kukwaruza. Tukakaa haraka, tukasema yote, mama yule na mikono yake, mama yule na soksi zake. Akatulia. Kaka sasa anafunga karakana mchana. Amekonda. Akishika friji yenye pengo anairudisha kwa mwenyewe hivyohivyo, na wateja wanamshangaa.

Na wifi anasimulia vizuri kuliko sisi sote. Hakosei neno. Akimaliza kile kipande cha mwisho, ni wako, mimi sina mtoto, anainuka anakwenda kuosha vyombo. Hamshiki. Kuna asubuhi nilimkuta kwenye korido, amebeba nguo safi za mtoto, anagonga mlango wa chumba chake mwenyewe alimolazwa Bosi. Akasubiri. Kisha akaingia. Nilirudi chumbani kwangu nikalia, kwa sababu nilitamani kumwambia usigonge wifi, huyo ni wako, na kumwambia hivyo ndiko kumuua mwanawe.

Binti wa kliniki alikuja kututembelea majuzi. Alikuta nyumba safi, kaka ametulia, wifi hana chozi, Bosi amenenepa, mashavu yanambana. Alifurahi sana yule binti. Akasema familia nyingi haziwezi, sisi tumeweza, tumepona. Tukamshukuru, tungemwambia nini.

Akaomba kumwona mtoto kabla ya kuondoka. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimemwekea Bosi chupa yake pembeni toka alipolala, na ilikuwa bado imejaa, ya moto imekuwa baridi, mfuniko sijaufungua. Binti akamwinua. Bosi alikuwa amelewa usingizi, mdomo wazi, na maziwa meupe yanamtiririka kidevuni. Binti akayafuta kwa kidole, akacheka.

"Bado yana joto," akamwambia wifi. "Hongera, mama. Kumbe maziwa yalirudi."

Maziwa ya wifi yalikauka kulekule hospitali, hajapata hata tone tangu hapo. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, ameikunja mikono juu ya kifua cha gauni lake kikavu.

"Ndiyo," akasema. "Yalirudi."